Nani Alilipwa kwa Nakala? Historia ya kuuza programu za simu, nikiitazama kutoka Lamu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Langoni, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizo, alinionyesha programu ya simu aliyoitengeneza mwenyewe. Ni nzuri, simnyimi haki yake. Kisha akaniuliza: "Kaka, nikitoza shilingi 100 kwa kila anayepakua, nitapata kitu?" Nikamjibu upesi, kwa ujeuri wa mtu aliyetangulia: "Hutapata. Watu wa huku hawalipii programu."

Usiku ule jibu langu lilinikera, maana nililijua kuwa ni la uongo. Watu wa Lamu wamelipia nakala za vitu tangu kabla ya umeme, kabla ya simu, kabla hata ya Kenya yenyewe. Jambo la kuuliza ni nani alikuwa akizitia mfukoni pesa zile. Basi leo nimeona tuzungumze historia kidogo. Kama una kahawa chungu karibu, jimiminie, maana naanzia mbali (kompyuta zinakuja, msiniache njiani).

Kwenye kisiwa cha Pate kuna mji wa Siyu. Leo ni mji mdogo wenye ngome kubwa, lakini katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa na sifa kwa wanakili wake wa misahafu. Mwenye kutaka msahafu aliagiza, akangoja. Karatasi ilitoka ng'ambo, wino ukatengenezwa, kalamu ikachongwa, kisha mtu akakaa kitako mwezi baada ya mwezi akiandika herufi moja moja, akapamba kurasa, na mwisho ukatiwa jalada la ngozi. Nikiliangalia jambo hili kwa jicho la mtengenezaji programu naona kitu kimoja: nakala ya mia ilikuwa na gharama ileile ya nakala ya kwanza. Hakuna aliyeuliza kwa nini alipe. Jasho lilikuwa mbele ya macho yake.

Kulikuwa na njia nyingine ya kulipa, nayo naomba muikumbuke, tutairudia. Mtu mwenye uwezo alinunua kitabu au akagharamia kinakiliwe, kisha akakitoa wakfu kwa msikiti au kwa chuo, wanafunzi wakisome bure. Mwanzoni mwa kitabu liliandikwa jina la aliyekitoa, au la marehemu aliyekusudiwa thawabu, pamoja na sharti kwamba kitabu hicho hakiuzwi. Maandishi ya namna hii yamo katika hati za msikiti wa Riyadha hapa Lamu, ambazo zimepigwa picha kwa mpango wa maktaba ya British Library wa kuokoa hati zilizo hatarini. Msomaji halipi, mnakili amelipwa, na jina la mlipaji liko ukurasa wa kwanza. Sisi siku hizi tunaita "udhamini" na tunadhani tumeuvumbua.

Mtu ninayempenda zaidi katika habari hii ni Muhamadi Kijuma. Alizaliwa Lamu katika miaka ya 1850 na akafariki 1945. Alichonga milango, alitunga mashairi, alipiga kibangala, na alikuwa na khati ambayo ukiiona unasahau unachokisoma. Wataalamu wa Kizungu waliotafuta tenzi za kale, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea sana. Walitaka nakala, naye akanakili kwa malipo. Ndiyo maana leo kazi za mkono wake ziko London na Ujerumani. Ukitaka kumwita Kijuma mfanyabiashara wa kwanza wa Lamu kuuza "maudhui" ng'ambo, mimi sitabishana nawe.

Lakini tazameni vizuri nani hakulipwa. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, si kwa soko. Nakala zilipoanza kutembea, malipo kama yalikuwapo yalikwenda kwa mwenye kalamu. Mtunzi alipata dua na jina zuri, hilo si dogo, ila chakula ni kitu kingine.

Ikaja kaseti. Mombasa kulikuwa na Mbwana Radio Service, waliorekodi na kuuza taarabu, na sauti ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, ilifika kila nyumba ya pwani na ikavuka hadi Ghuba. Sasa nakala haikuhitaji tena miezi. Ilihitaji redio ya mikanda miwili na saa moja ya subira. Kaseti moja iliyonunuliwa Mombasa ilizaa kaseti kumi Lamu, na aliyelipwa kwa zile kumi ni mwenye redio. Mwimbaji alilipwa mara moja, siku ya kurekodi, au kwa kualikwa harusini. (Nani katika sisi hakuwa na kaseti iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, ambayo ndani yake wimbo unakatika katikati?)

Baadaye, katika miaka ya mwisho ya 2000, nilikuwa mimi mwenyewe upande wa pili wa meza. Nilifanya kazi katika saiba moja ya hapa mjini. Ilikuwa na kompyuta nne, tatu zikiwa nzima, na intaneti ya kuhesabu kwa kidole. Biashara iliyotulisha haikuwa ile intaneti. Watu walileta simu, tukachomoa memori kadi, tukaijaza: nyimbo, kaswida, mawaidha, michezo ya Java, picha za mandhari. Shilingi 50, ukitaka kadi ijae tele shilingi 100. Siku ya mkesha wa Idi tulikuwa na foleni. Hivyo nasema kwa ushahidi: watu wa Lamu walilipia upakuaji, tena kwa furaha na kwa pesa taslimu! Walitulipa sisi wanakili. Waliotengeneza ile michezo ya Java hawakuona hata senti, na nakiri kwamba wakati ule hata haikunijia kuwafikiria.

Sasa twende ng'ambo kidogo, maana huko ndiko kulikotokea jambo jipya.

Kuuza programu za vifaa vya mkononi kulikuwapo kabla ya iPhone. Duka la Handango liliziuza kwenye mtandao tangu mwisho wa miaka ya 1990, kwa wenye Palm na baadaye wenye simu za Symbian. Lakini ilikuwa kazi ya wataalamu. Tarehe ya kukumbuka ni 10 Julai 2008, Apple ilipofungua App Store ikiwa na programu kama 500. Siku chache za kwanza zilipakuliwa mara milioni 10. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa: unalipa dola 99 kwa mwaka, unapanga bei mwenyewe kuanzia senti 99, duka linachukua asilimia 30, wewe unachukua 70. Kwa kila nakala.

Kwa sisi wengine maneno hayo "kwa kila nakala" yalikuwa kama ndoto. Mtunzi, si mnakili, alikuwa ameahidiwa fungu lake kila kitu chake kinaponakiliwa, nakala ya kwanza mpaka ya milioni, hata akiwa amelala. Vitabu na santuni zilikuwa na utaratibu wa namna hiyo kwa wakubwa, lakini hapa hukuhitaji mchapishaji wala studio. Ulihitaji kompyuta na usiku mrefu.

Wazimu ulikuwapo pia. Agosti ileile ya 2008 mtu mmoja aliweka programu iitwayo I Am Rich, kwa dola 999.99. Kazi yake? Kuonyesha kito chekundu kinachong'aa, ili watu wajue una pesa. Ilikaa kama siku moja kabla ya kuondolewa, na watu 8 walikuwa wameshainunua. Wanane! Android Market ilifunguliwa Oktoba 2008, programu za kulipia zikaruhusiwa Februari 2009, kwanza kwa watengenezaji wa Marekani na Uingereza. Ada yao ilikuwa dola 25, ukilipa mara moja basi.

Na hapa ndipo kitu kinaponiuma mpaka leo. M-Pesa ilizinduliwa Kenya tarehe 6 Machi 2007. Yaani miezi 16 kabla ya App Store kufunguliwa, muuza samaki wa Lamu alikuwa tayari anaweza kupokea pesa kwa simu. Kulipa kwa simu tulikuwa mbele ya California. Lakini maduka ya programu yalijua lugha moja tu ya malipo, nayo ni kadi ya benki, na kadi ya benki ilikuwa kitu ambacho mtaani kwetu ningeweza kuwahesabu waliokuwa nacho bila kuvua viatu. (Kichekesho cha tarehe: Android Market ilibadilishwa jina kuwa Google Play tarehe 6 Machi 2012, siku M-Pesa ilipotimiza miaka mitano. Nadhani hakuna aliyetambua huko kwao.)

Haya, sasa kisa changu.

Mwaka 2009 niliandika programu ya maji kujaa na kupwa. Asiyejua visiwa vyetu atauliza ya nini. Boti za kwenda Pate, yaani Mtangawanda, Faza na Kizingitini, hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wenye mikoko kati ya Manda na bara. Wakati ule maji yakipwa, Mkanda hapakupitika. Kwa hiyo boti haikuwa na saa ya kudumu. Leo iliondoka alfajiri, wiki iliyofuata adhuhuri, na ukichelewa ulingoja maji au ulilala. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha kitabu cha jedwali za maji, lakini ni nani anayetembea nacho?

Nilitumia Java ya simu ndogo. Wengine mtakumbuka tabu zake: simu nyingi za wakati ule hazikujua kabisa namba za desimali, ikabidi nijaze jedwali la saini kwa namba kamili na kufanya hesabu zote kwa kuzidisha na kugawanya. Wimbi kuu la mwezi, ambalo wataalamu huliita M2, hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25. Ukilijua hilo na wenzake wachache, unapata jibu la kuridhisha. Programu nzima ilikuwa kilobaiti 41. Nilijivuna nayo kuliko kitu chochote nilichotengeneza baadaye.

Nikampelekea ami yangu, nahodha mstaafu. Akaitazama simu, akaniuliza, "Yeo mwezi ngapi?" Nikamwambia kumi na tano. Akasema bila kufikiri, "Bamvua. Maji yatajaa saa kumi." Programu ikasema saa kumi na dakika kumi na nane. Akanirudishia simu yangu taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia mtoto mchoro wake.

Nikapanga kuiuza shilingi 80, bei ya senti 99 za wakati ule. Nilimuuzia mtu mmoja. Yeye akamrushia rafiki yake kwa Bluetooth, rafiki akamrushia shemeji, na kabla ya Ijumaa ilikuwa imefika Kizingitini, mahali ambapo mimi mwenyewe mwaka ule nilikuwa sijafika! Sikumkasirikia mtu. Miaka miwili nilikuwa nimewajazia watu memori kadi za kazi za wengine. Sasa zamu yangu ilikuwa imefika.

Mwaka 2011 simu ya Huawei IDEOS iliingia Kenya kwa bei ya shilingi elfu nane na kitu, na kwa mara ya kwanza nikaona Android mikononi mwa watu wa kawaida, walimu na makarani. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilikuwa zimeshafika Mombasa tangu 2009, intaneti ikawa na nafuu. Nikaiandika upya programu yangu. Binamu yangu aliyeko Uingereza akajiandikisha kama muuzaji, tukaweka bei ya senti 99 za pauni. Kwa mwaka mzima zikauzwa nakala 14. Fungu letu, asilimia 70, likawa pauni 9 na senti 70. Tulikuwa tumetoa dola 25 kuingia, basi pigeni hesabu wenyewe.

Kwa nilivyoona kwenye orodha, wanunuzi wote walikuwa nje ya Kenya: nadhani wageni wenye mashua zao, na wachache wa kwetu walioko ng'ambo. Wengine walinunua wakarudisha. Kanuni ya duka ilikuwa kwamba ukirudisha ndani ya dakika 15 unarejeshewa pesa yako. Kujua maji yatajaa saa ngapi hakuhitaji dakika 15. Nilicheka, kwa kweli. Lamu kwenyewe, mahali ambapo programu ilitengenezewa, haikuuzwa hata moja.

Msidhani ni mimi peke yangu. Mnaikumbuka WhatsApp ya kulipia? Kwenye iPhone mwanzoni ulilipa dola moja kuipakua, kwenye Android ulipewa mwaka wa kwanza bure kisha dola moja kwa mwaka. Kila muda ulipokaribia kwisha, jirani zangu walikuja na simu mkononi, wana hofu kama wanakatiwa maji. "Nilipeje?" Walikuwa tayari kulipa, wana shilingi zao kiganjani! Nikiuliza kadi, kimya. Mara nyingi muda ulijiongeza wenyewe, mambo yakapita. Januari 2016 kampuni hiyo, iliyokuwa imeshanunuliwa na Facebook, iliifuta ada kabisa, na sababu mojawapo iliyoitoa ni kwamba watumiaji wengi hawana kadi za benki. Nilisoma tangazo lile mara mbili. Waliokuwa na mamia ya mamilioni ya watumiaji waligonga mwamba uleule ulionikwamisha mimi na nakala zangu 14.

Kuna waliofanikiwa kutoza, nao ni waliopitia salio la simu. Milio na nyimbo za Skiza ziliuzwa Kenya nzima, kwa mtu mwenye vocha ya bamba 20 tu. Hapakuhitajika kadi wala benki, salio linakatwa na mambo yamekwisha. Mimi pia nikajaribu mwaka 2012: unatuma neno MAJI kwa namba fupi, unajibiwa saa za maji za siku ile, shilingi 10. Hapo nikagundua kitu ambacho programu haikuwahi kunionyesha. Wateja wangu hawakuwa manahodha, wala wasingekuwa. Walikuwa abiria: mwalimu wa kutoka bara aliyepangiwa Faza, muuguzi, mfanyabiashara wa mitumba. Watu ambao hawakuzaliwa wakihesabu mwezi. Mwalimu mmoja aliniambia alikuwa akilala jetini kwa kuogopa kuachwa na boti ya alfajiri.

Lakini kati ya kila shilingi 10 mimi nilibakiwa na 3 na kidogo. Iliyobaki iligawanywa na mtandao wa simu na kampuni ya Nairobi iliyonikodisha namba. Mnakili tena, safari hii mwenye mnara. Wanamuziki wa Kenya wameupigania mgao wao kwa miaka, mpaka sheria ya hakimiliki ilipobadilishwa mwaka 2022 na kuweka kwamba katika mapato ya nyimbo za kumsubirisha mpigaji, msanii asipate chini ya asilimia 52, mtandao wa simu 39.5 na mtoa huduma wa kati 8.5. Kumbuka kwamba duka la Apple lilianza na 30 kwa 70 tangu siku ya kwanza, na bado tulilalamika!

Miaka ilipokwenda njia zilifunguka. Lipa na M-Pesa ilikuja 2013, na mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mlango wa kuunganisha programu yako na M-Pesa bila kubembeleza ofisi kumi. Baadaye M-Pesa ikakubalika hata ndani ya Google Play. Ila kufikia hapo ulimwengu ulikuwa umeshahama. Tangu Oktoba 2009 Apple iliruhusu programu za bure ziuze vitu ndani yake, Android ikafuata 2011, na bei ya mlangoni ikaanza kufa. Mlango wa kadi ulipotufungukia, ndani karamu ilikuwa imekwisha, wanafagia.

Nikamrudia yule kijana juzi, nikamwambia nilimjibu vibaya. Nikamweleza haya yote, akasikiliza, kisha akauliza programu yangu ya maji iko wapi sasa, na naitoza ngapi.

Nikamwonyesha. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeiwekea malipo ya M-Pesa, shilingi 50 kwa mwezi, na ilikuwa ikiingiza kidogo, ya kulipia seva na kahawa. Kisha akanijia mwenye boti mmoja wa njia ya Faza. Akaniuliza gharama yangu ya mwaka mzima ni kiasi gani, pamoja na jasho langu. Nikamtajia. Akatoa simu, akanitumia zote palepale, kila mwaka anatuma. Alitaka vitu viwili. Abiria wasitozwe, wawe wa boti yake au ya mwingine. Na programu inapofunguka, kabla ya jedwali, litokee jina la marehemu baba yake, na chini yake neno moja: haiuzwi.